Mwalimu Aliyevishwa Hereni ya Mbuzi

Nchi hiyo ilikuwa na jina, wimbo wa taifa na bendera ya rangi saba, ila hospitali yake kuu haikuwa na uzi wa kushonea. Jina tuliache, maana wenyewe wana haya. Itoshe kusema ilikuwa nchi ya amani kubwa, na polisi wake walipewa bunduki nzuri za kuilinda amani hiyo dhidi ya wenye nchi.

Polisi hao walikuwa watu wa huruma. Mtukufu Mlezi wa Taifa alikuwa amewakataza kumpiga raia risasi ya kichwa, kwa sababu kichwa ndicho kinachotikiswa wakati wa kukubali. Aliwakataza kupiga miguu, kwa sababu miguu ndiyo inayompeleka raia uwanjani siku za sherehe. Mikono nayo ilihitajika kwa makofi. Likabaki tumbo, ambalo kwa wengi wa raia wa nchi hiyo halikuwa na kazi kubwa.

Kwa sababu hiyo matumbo yaliyotoboka yakawa mengi, na serikali, ambayo haikupenda kuonekana imekaa tu, ikajenga Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tumbo. Humo ndimo alimofanya kazi Daktari Salha Mwinyigogo, mwanamke mkimya mwenye vidole virefu, mpasuaji hodari ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akipasua mbuzi. Alikuwa amebuni ute mzito wa mwani ambao ukimiminwa juu ya ini lililochanika hushika kama gundi na kuzuia damu. Mbuzi waliokuwa wakifa sasa walikuwa wakiamka na kudai majani.

Gharama za mbuzi hao zilibebwa na wafadhili wa ng'ambo, watu waliowapenda wanyama kwa dhati. Wao ndio walioandika Sheria ya Ustawi, na Mtukufu akaitia sahihi bila kuisoma, kama alivyozitia zote. Sheria ilisema mnyama wa utafiti avishwe sikioni hereni ya utambulisho, asiguswe na kisu kabla hajalazwa kwa nusukaputi, apewe dawa ya maumivu asubuhi na jioni, alale kwenye majani makavu chini ya taa ya joto. Akisikika akiguna, Taasisi ingenyimwa dawa zote.

Taasisi na Hospitali Kuu zilitenganishwa na ukuta mmoja. Upande wa pili wa ukuta mgonjwa alikuja na uzi wake, glovu zake na ndugu wawili wa kumshika miguu. Salha alisikia kelele zao kila asubuhi akiwa anawapima mbuzi joto. Siku moja alimwomba mkurugenzi wake, Profesa Ludoviko Shangwe, ruhusa ya kupeleka hospitalini dawa za maumivu zilizobaki. Profesa huyu alikuwa amepata uprofesa kwa kuteuliwa, usiku wa sherehe za uhuru, na aliulinda kwa kutothubutu kitu. Alimjibu kwamba dawa ya mbuzi ni haki ya mbuzi, na kumpa mtu ni kumdhulumu kiumbe asiyeweza kujitetea.

Jengo la pili la Taasisi lilikuwa la panya. Huko walitafuta tiba ya saratani ya tumbo, kazi iliyofanywa kwa siri kubwa, kwa sababu Mtukufu alikuwa na uvimbe tumboni na hakuna aliyeruhusiwa kujua. Redio iliuita shibe.

*

Mwaka huo walimu waliandamana kudai chaki. Idarusi, mdogo wake Salha, mwalimu wa jiografia, alitembea mstari wa mbele. Alikuwa mtu wa maneno machache yenye pilipili, na kwa muda wote wa muhula ule alikuwa amewachorea wanafunzi ramani ya dunia kwa mkaa. Polisi waliwasubiri kwenye mzunguko wa barabara, wakalenga walipoagizwa.

Mchana redio ikatangaza kuwa maandamano yalikwenda salama na hakuna mtu aliyejeruhiwa. Tangazo hilo liliwafika madaktari wa Hospitali Kuu kama amri. Waliokuwa wamelala koridoni wameshika matumbo yao wakawa hawapo. Madaktari walipita katikati yao wakitazama dari, maana kumtazama mtu ambaye serikali imesema hayupo kulikuwa na kosa lake na adhabu yake.

Muuguzi mmoja alimwita Salha kupitia lango dogo la ukutani, lile la kupitishia majani ya mbuzi. Salha alimkuta mdogo wake sakafuni, midomo imekuwa ya kijivu, tumbo limevimba na kukaza. Hakuhitaji kipimo. Alijua ini limechanika, na alijua ni dawa gani duniani ingeweza kulishika. Akampakia kwenye mkokoteni wa majani, akamsukuma hadi kwenye chumba chake cha upasuaji.

Profesa Shangwe alimkuta akinawa mikono. Akamtazama Idarusi, akamtazama Salha, na jasho likaanza kumtoka. Alieleza kwa kirefu kwamba ute ule haujaruhusiwa kwa binadamu, kwamba hautaruhusiwa mpaka majaribio ya wanyama yakamilike, kwamba majaribio yatakamilika Waziri akipata nafasi ya kuja kuyakamilisha, na kwamba wafadhili wakisikia kuna mtu humu ndani watafunga kila kitu.

"Profesa, huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja," Salha alisema. "Ana nusu saa, au hana."

Profesa aligeuka akatazama dirishani. Aliposema alisema na kioo.

"Mimi sijaona mtu humu, Daktari. Nimeona mbuzi ambaye hajavishwa hereni."

Kisha akatoka.

Salha alisimama akiwa na mikono iliyolowa. Hereni za mbuzi zilikuwa kwenye sinia, za plastiki ya njano, na koleo lake pembeni. Alikuwa amevisha mbuzi wengi mno hata hakuwa akifikiri tena anapobana. Sasa alilishika sikio la mdogo wake, sikio alilokuwa akilivuta walipokuwa wadogo kila alipomkuta ameiba sukari. Akabana. Idarusi hakustuka. Alikuwa ameshafika mbali.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda vizuri sana, kwa sababu yalikuwa yanamhusu mnyama. Wasaidizi waliingia mbio. Nusukaputi ikaja, damu ikaja, uzi ukaja wa kila unene. Salha alifungua tumbo, akalikuta ini limepasuka, akaitoa risasi na kumimina ute wake. Damu ikasimama.

*

Idarusi alipofumbua macho aliona taa ya joto juu yake na majani makavu chini yake. Aliuliza yupo wapi.

"Upo zizini, mdogo wangu," Salha alimjibu. Akamweleza yote, pamoja na la sikio.

Idarusi aligusa hereni, akafikiri. "Nilishangaa," alisema. "Nilijiambia, pasafi hivi hapawezi kuwa hospitali."

Hakuwa amewahi kutunzwa hivyo maishani mwake. Alipewa dawa asubuhi na jioni. Alipimwa joto, alisuguliwa mgongo, alibadilishiwa matandiko. Serikali iliyoshindwa kumpa kipande cha chaki ilimpa vitamini na muziki wa taratibu wa kumwondolea wasiwasi. Jambo moja tu lilimtesa. Kitanda chake kilikuwa karibu na ukuta, na ng'ambo ya ukuta alisikia sauti, na baadhi yake alizitambua. Zilikuwa za walimu wenzake. Kila siku zilipungua, na Salha hakuthubutu kumwambia kwamba hazikupungua kwa kupona.

Mkaguzi wa wafadhili alifika mwezi uliofuata, mama mmoja mpole aliyevaa viatu vya kitambaa ili asiwastue wanyama. Alipofika kwa Idarusi alitazama sikio, akaona hereni, akaridhika. Idarusi akamwamkia kwa lugha ya kwao mama huyo, akamwambia kwamba yeye ni mwalimu wa jiografia, kwamba amepigwa risasi kwa kudai chaki, na kwamba nyuma ya ukuta huu kuna watu wanakufa. Mama yule alimsikiliza kwa makini. Akamgeukia Profesa Shangwe akasema anafurahi sana, kwani mnyama anayetoa sauti bila woga ni dalili ya matunzo bora. Kasoro aliyoiona ni moja tu. Mbuzi ni kiumbe wa kundi, na kumweka peke yake ni ukatili.

Jioni hiyo Idarusi akaletewa mbuzi jike mweupe wa kumliwaza. Walielewana. Idarusi alimfundisha mabara, na alisema amefundisha madarasa yaliyosikiliza vibaya zaidi.

*

Kulikuwa na kifungu cha mwisho katika utaratibu wa utafiti, ambacho Salha alikijua tangu siku ya kwanza na alikuwa akijitahidi kutokifikiria. Ili kujua ini limepona vipi, lazima lionekane. Majaribio yakiisha, mbuzi wote hulazwa usingizi usio na maumivu, kisha hupasuliwa. Siku ikapangwa. Waziri angekuja, na televisheni ingekuja.

Salha alimwendea Profesa, akamwomba amrudishe Idarusi kuwa mtu. Profesa hakukataa, alisema tu hilo ni jambo la polisi. Salha akaenda polisi. Kamanda wa kituo alimpa kiti, akamfafanulia kwa upole kwamba mtu yeyote aliyekutwa na jeraha la risasi siku ile anashtakiwa kwa kupatikana na mali ya serikali tumboni, na adhabu yake ni kitanzi. Mbuzi hana kosa. Kama ni mbuzi, basi ni mbuzi. Kama ni mtu, basi aletwe.

Alirudi akitembea kwa miguu njia nzima. Akimwacha alivyo, atachinjwa kwa upole. Akimwita kwa jina lake, atanyongwa. Aliingia zizini akamkuta anacheka na mbuzi wake, akashindwa kumwambia, akageuka akaenda kukaa kwenye ghala la majani. Huko ndiko alikolia.

Alikuwa bado huko alipoitwa na Waziri.

Mheshimiwa Gervasi Pombolela, Waziri wa Afya, Mifugo na Utulivu, alikuwa mtu mnene aliyezoea kuhutubia hata akiwa na mtu mmoja. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatamka kwamba taifa limefika kwenye njia panda ya kihistoria ya tumbo, na kwamba tumbo la Mtukufu ni tumbo la wote. Ndipo akafunga mlango na sauti ikamwisha. Shibe ya Mtukufu ilikuwa imepanda mpaka chini ya kifua. Madaktari watatu waliothubutu kuiita saratani walikuwa gerezani. Dawa ya panya ilikuwa inafanya kazi, uvimbe wa panya ulikuwa unanywea siku kwa siku, lakini makasha ya dawa yalifungwa na wafadhili kwa mtambo unaosoma hereni, na hayakufunguka ila kwa mnyama. Nani angemwambia Mtukufu kwamba ili apone ni lazima awe panya?

"Nasikia wewe unajua namna ya kumvisha mtu," Waziri alisema.

Salha hakuwa amewahi kufanya biashara na mtu wa namna hii, na alijishangaa jinsi ilivyomjia kirahisi. Alisema hereni si lazima ikae sikioni, hata kifuani mtambo utaisoma. Ikitengenezwa kwa dhahabu na kuning'inizwa kwenye utepe, hakuna atakayeiita hereni. Itaitwa nishani. Kwa malipo alitaka uhai wa mbuzi mmoja.

Waziri akamkumbatia.

Basi Mtukufu akavishwa Nishani ya Daraja la Kwanza ya Panya Mkuu, mbele ya mabalozi, kwa mizinga. Mtambo ukaisoma, makasha yakafunguka, naye akaanza kupona. Aliipenda nishani hiyo kuliko zote. Mawaziri walipoona anavyoipenda wakaanza kunung'unika kwa nini wao hawana, nao wakavishwa. Wakafuata majenerali, majaji, maaskofu na masheikh. Kila aliyevishwa alidai na dawa yake, maana ni sehemu ya heshima, na watu wenye afya ya farasi wakachomwa sindano za saratani huku wakipigiwa picha. Dawa ikaisha. Panya wakafa wote. Upande wa pili wa ukuta, katika wodi ya saratani, hapakubadilika kitu, kwa kuwa huko dawa hazikuwahi kufika.

Salha aliona yote hayo akijua ni kazi ya ulimi wake. Lakini siku ya televisheni mbuzi walilazwa usingizi mmoja baada ya mwingine, hata yule jike mweupe aliyejua mabara, na hereni moja ya njano ilipigwa muhuri wa serikali. Idarusi alikuwa mbuzi wa kudumu, hachinjwi, hashtakiwi, na anastahili matibabu kamili mpaka afe mwenyewe. Dada yake aliruhusiwa kumchukua nyumbani, akafugwe.

*

Asubuhi ambayo Salha na Idarusi walipanga kuondoka, walimu walikwenda kuwazika wenzao wa mwisho waliokufia koridoni. Kwa kuwa hakuna aliyekufa, mazishi yale yalikuwa mkusanyiko usio na sababu. Risasi zilisikika mpaka zizini.

Idarusi alikuwa ameshavaa suruali aliyoletewa na dada yake. Alisimama karibu na ukuta, akasikiliza. Kisha akapita lango la majani, na Salha akamfuata akimwita kwa sauti ya chini.

Korido ilikuwa imejaa tena watu wasiokuwapo. Idarusi alipita akiwatazama mmoja mmoja. Alisimama kwa mwanamke aliyelala ubavu, magoti yamekunjwa kifuani. Alikuwa Modesta, mwalimu wa hesabu wa shule yake, aliyekuwa akigawana naye kile kipande cha mkaa. Salha alipiga magoti, akagusa tumbo lake, na Idarusi akaona uso wa dada yake.

"Kama langu?" aliuliza.

"Kama lako."

"Basi nivue hereni hii."

Salha alikataa. Alimweleza haraka haraka, akimshika mkono, alichopatana na Waziri, na kwamba majaribio yameisha, hereni za kawaida hazitambuliki tena na yenye muhuri haitatolewa ya pili, na kwamba bila hiyo yeye ni mtu mwenye kovu la risasi na kitanzi kinamngoja. Alimwambia wana nyumba, wana bustani, hakuna atakayemgusa. Alimwomba kwa jina la mama yao.

Idarusi alimsikiliza mpaka mwisho. "Dada," alisema, "nikipita mtaani, wanafunzi wangu wataniamkia nini?"

Idarusi aliishika hereni kwa vidole viwili, akaivuta. Sikio lilichanika. Akampa dada yake hereni yenye damu, akageuza uso, ili asiwe anamtazama wakati wa kuamua.

Salha alikaa na kile kipande cha plastiki kiganjani. Alimtazama mdogo wake, damu ikimtiririka shingoni. Alimtazama Modesta, kucha zake zilivyokwisha rangi. Koleo lilikuwa mfukoni mwa koti lake, kama lilivyokaa siku zote. Akalitoa.

Walimbeba wawili, Idarusi mbele na Salha nyuma, wakapita lango la majani. Mlangoni pa chumba cha upasuaji Idarusi akasimama, kwa sababu asiye mfanyakazi wala mwenye hereni hakuruhusiwa kuvuka mstari uliochorwa pale. Salha alitaka kumwambia kitu. Wasaidizi walikuwa wameshaanza kumsukuma mgonjwa ndani, na damu ilikuwa haingoji.

Alikuwa ameingiza mkono tumboni, amelibana ini kwa vidole vyake virefu na akingoja ute ushike, alipomsikia Profesa Shangwe uani akipaza sauti kwamba kuna mtu zizini. Ikafuata sauti ya buti. Dirisha lilikuwa mbele yake. Aliwaona polisi wanne wakipita na Idarusi katikati yao, mikono nyuma. Mmoja alimuuliza jina, na Idarusi akalitaja lote, lake na la baba yake na la babu yake, taratibu na kwa sauti ya darasani, kisha akataja kazi yake.

Salha akiachia, Modesta atakufa. Hakuachia. Alisimama pale akimtazama mdogo wake mpaka alipopinda kona ya jengo la panya.

Mahakama za nchi hiyo zilisifika kwa kutochelewesha haki. Idarusi alisomewa shtaka mchana, jaji mwenye nishani ya panya kifuani akampa pole kwa sikio lake, na jua lilipokuwa linazama alikuwa ameshanyongwa. Profesa Shangwe ndiye aliyemletea Salha habari. Alizileta akitazama dirishani.

Salha alikuwa amekaa kwenye majani makavu chini ya taa ya joto, kando ya Modesta, ambaye pumzi yake ilikuwa imetulia. Baada ya muda Modesta alifumbua macho, akaomba maji. Salha alimlowesha midomo kwa pamba. Modesta alimtazama, hakumtambua, akamuuliza yeye ni nani.

Kwenye koti lake palikuwa pameandikwa daktari, kwa herufi kubwa, pamoja na nembo ya serikali. Salha alilivua koti akaliweka chini.

"Mimi ni dada yake Mwalimu Idarusi," alisema.